Palizi ya Pili

Kwetu Kiegei, wilayani Nachingwea, mvua ya kwanza ikishanyesha vizuri, kila mtu ni mkulima hodari. Hata aliyeshinda kijiweni kiangazi kizima huonekana alfajiri na jembe begani. Ardhi imelainika, mbegu ipo, na baada ya wiki chache mtama umefika magotini, apitaye njiani anausifu. Palizi ya kwanza nayo ina raha yake. Watu huifanya kwa ujima, shamba hili leo, lile kesho, kuna nyimbo na kuna togwa. Bibi yangu, aliyenilea, hakumpima mtu kwa siku hizo. Alikuwa akisema mkulima humjui mpaka palizi ya pili. Hapo jua limekwishakuwa kali, ghalani limebaki vumbi, nyimbo zimekwisha, kila mtu yuko peke yake kwenye ngwe yake, na gugu ulilolikata mwezi uliopita limechomoza tena pale pale kama vile hukuwahi kupita.

Maneno hayo niliyasikia utotoni na sikuyatia maanani. Yalikuja kunirudia ukubwani, mbali sana na Nachingwea, nimesimama ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Lakini nianze na kiduha, maana ndiko alikoanzia bibi.

Kiduha cha kusini ni kimea kidogo, hakivuki goti, na ua lake ni jekundu, dogo, zuri kweli kweli. Kanda ya Ziwa wana kingine, kirefu zaidi, chenye ua la zambarau. Ni ndugu wa baba mmoja. Siku moja niliyachuma maua hayo nikampelekea bibi nikidhani nampa zawadi. Hakunikaripia. Aliniketisha, akang'oa shina la mtama lililokuwa limedumaa, akaupangua udongo taratibu kwa vidole, akanionyesha jinsi mzizi wa kiduha ulivyojishikiza kwenye mzizi wa mtama, unanyonya. "Mume wangu," aliniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "ukiliona ua, ujue huyu ameshakula siku nyingi. Huku juu amekuja kumwaga mbegu tu."

Mbegu za kiduha ni laini kama vumbi la ugoro. Shina moja huweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa ardhini miaka kumi na zaidi bila kuoza, zikingoja harufu ya mzizi wa mtama au mahindi. Ndiyo maana bibi hakukubali kiduha kilichong'olewa kiachwe shambani. Alitembea na kikapu, akakiwahi kabla hakijachanua, akakitoa nje ya shamba kwenda kukichoma. Na kipande cha shamba kilichozidiwa hakukirudishia mtama msimu uliofuata; alipanda ufuta, au karanga. Alisema, mwache shamba amdanganye. Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya wataalamu wa kilimo nikakuta jambo ni lile lile: mizizi ya ufuta na karanga huiamsha mbegu ya kiduha kama mtama unavyoiamsha, lakini ikishaamka haina pa kujishikiza, inakufa kwa njaa baada ya siku chache. Bibi hakuwa na hadubini. Alikuwa na umri mzima wa kuinama juu ya udongo ule ule.

Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji cha wavuvi upande wa Sengerema, mkoani Mwanza. Nilifika usiku. Asubuhi nilifungua dirisha nikitarajia kuona maji, nikaona konde. Kijani kitupu kutoka ufukweni hadi jicho lilipochoka, na juu yake maua ya zambarau mpauko yakiyumbishwa na upepo. Nilisema kwa sauti kwamba pamependeza. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kizinza aliyekuwa anashona nyavu chini ya mwembe, alinitazama kwa huruma. Mtumbwi wake ulikuwa na siku ya tatu haujatoka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yale yalikuwa magugu maji. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini, na binadamu ndiye aliyeyabeba, kwa kupenda ua lake, ili apambe mabwawa ya bustani; kutoka bustanini yakatoroka yakaenea nchi zote za joto. Tanzania yalikwishaonekana katika Mto Sigi, mkoani Tanga, tangu mwaka 1955. Ziwa Victoria yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakiteremka na Mto Kagera kutoka Rwanda. Miaka kumi ilitosha. Mwaka ule niliofika yalikuwa yamefunika hekta 20,000 hivi za ziwa, sehemu kubwa ikiwa Ghuba ya Winam kule Kisumu, na upande wetu yalijazana kwenye vighuba na midomo ya mito, mahali samaki wanapozaliana. Wanafunzi wangu waliweka shina moja kwenye ndoo ya maji ya ziwa nyuma ya darasa. Mwezi haukuisha, maji ya ndoo yakawa hayaonekani.

Chini ya zulia lile kulikuwa na giza. Mwanga haufiki, mimea ya chini inakufa, na kinachooza kinaimaliza hewa iliyomo majini hadi samaki anakosa pumzi. Sato huchimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo. Alikuta uwanja umezibwa. Kwazi huwinda kwa jicho akiwa juu ya mti; alizunguka juu ya kijani kile akarudi mikono mitupu, kama naweza kusema hivyo kwa ndege. Mnandi hana pa kupigia mbizi. Konokono wa kichocho na mbu ndio waliopata maskani. Na magharibi ya kijiji kile kuna Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ambako anaishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizoumbwa kukanyaga matope na mafunjo. Mnyama kama yule amefungiwa maisha yake yote kwenye mshono wa maji na nchi kavu. Mshono ukizibwa, hana pa kuhamia.

Nisiseme uongo kwa kutaka kushinda hoja. Wapo walionufaika. Kamongo na kambale, wanaoweza kuja juu wakavuta hewa, walivumilia, na wavuvi waliwapata zaidi kuliko zamani. Baadhi ya furu, wale samaki wadogo waliokuwa wanamalizwa na sangara, walipata maficho chini ya magugu, kwa kuwa sangara hapatani na maji yasiyo na hewa. Bibi naye hakuyatazama majani yote kwa jicho moja: mchicha pori alikuwa akiutenga kwenye kikapu kingine, ndiyo mboga ya jioni. Anayepalilia kwa hasira hukata na mboga.

Tulianza kwa mikono. Kila kaya ilitoa mtu, tukaingia majini hadi kifuani, tukavuta, tukaburuta kwa kamba, tukarundika ufukweni yakakauka. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi tunakuta ghuba imejaa upya, na wenye mioyo dhaifu wanarudi nyumbani. Kenya na Uganda ziliwahi kushusha ziwani mashine za kukata na kusaga. Palikuwa na waliotaka dawa inyunyizwe na waliokataa, na mimi niko na waliokataa, kwa sababu maji yale yale ndiyo yanayonywewa na ndiyo anayovuliwa samaki. Ndipo mbawakavu wakafika kijijini kwetu.

Ni wadudu wadogo, hawafikii urefu wa punje ya mchele, na asili yao ni huko huko yalikotoka magugu. Uganda waliachiliwa katikati ya miaka ya 1990. Kenya na upande wetu wa ziwa, mwaka 1997, wakati ulipoanza mradi wa nchi tatu wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria. Mdudu mkubwa hukwangua jani. Mtoto wake huchimba shina kwa ndani hadi kwenye moyo wa mmea, maji yanaingia, mmea unaoza na kuzama. Walilelewa kwenye matangi na vidimbwi vya vijijini, wanakijiji wenyewe wakiwatunza, halafu wakapelekwa ziwani wakiwa juu ya majani. Wengi walishangaa kuambiwa wachague magugu yaliyonona zaidi wawalishe wadudu. Mimi sikushangaa sana. Nilimkumbuka bibi na ufuta wake: namna ile ile ya kushindana na kitu kwa kujua kinakula nini na kinaliwa na nani.

Kwenye miezi ile mvua za El Niño zilikuwa zimepandisha ziwa zaidi ya mita moja, na dhoruba zikayararua mazulia. Wataalamu mpaka leo wanabishana sifa wapewe mbawakavu au mawimbi. Kwa macho yangu niliona yote mawili: majani yaliyojaa makovu ya mdudu, kisha wimbi likaja likamalizia kilichokwisha kudhoofu. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imeondoka. Ziwa lilirudi. Watoto waliogelea, mitumbwi ikatoka, na siku moja darasa zima lilinyamaza lenyewe kwa sababu kwazi alikuwa analia kwenye mti wa nje.

Na palizi ya pili haikufanyika.

Nasema hivyo bila kumnyooshea kidole yeyote ambaye sijinyooshei na mimi. Matangi ya mbawakavu yalikauka yakapasuka. Kikundi cha kijiji kilichokuwa kikikutana kila Jumamosi kilianza kukutana kila mwezi, kisha kikakutana mtu akifa. Mimi mwenyewe niliirudisha ile ndoo ya darasani kwenye kazi ya kubebea maji, nikaona habari imekwisha. Kumbe mbegu ya magugu maji hukaa kwenye tope miaka kumi na mitano, ishirini. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, tope la kingo likapigwa jua. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 ziliponyesha, mbegu zikaamka, na Ghuba ya Winam ikafunikwa tena. Waliosoma habari hizo wakaandika kwamba magugu yamerudi. Hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa chini, yanangoja, kama kiduha.

Mtu asinielewe vibaya kuhusu ugeni. Mkorosho unaosomesha watoto wa kusini ni mgeni, asili yake Brazil, umeletwa na Wareno. Muhogo, mahindi na karanga vimetoka Amerika, bara lile lile la magugu maji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wageni hao walipewa jembe wakalishika. Leo nani atamwambia Mmwera wa kwetu kusini kwamba muhogo si wake? Magugu maji yalikuja bila mlaji wake, bila maradhi yake, bila jirani anayeijua tabia yake, yakakuta maji matulivu yaliyojaa chakula. Tangu siku ya kwanza aliyeshika jembe ni mwenyeji.

Na kumwita mgeni mwingine aje amtoe huyo kunataka subira kubwa. Mwaka 1910 mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka muswada kwenye Bunge la Marekani akitaka viboko waletwe kutoka Afrika, wayale magugu maji yaliyoziba mito ya kwao na papo hapo watu wapate nyama. Muswada haukupita, na nashukuru kwa niaba ya viboko na ya mito ile. Sisi wenyewe tuna sangara, aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Amelisha watu na kujaza viwanda, na amemeza furu wa aina zinazohesabiwa kwa mamia ambazo hazikuwahi kuishi kwingine duniani. Mbawakavu hawakutiwa hivyo. Walichunguzwa miaka mingi, wakajaribiwa kwa mimea mingine ili ionekane kama wataigeukia, na Marekani walikuwa wamewatumia tangu miaka ya 1970 kabla hawajafika kwetu. Tofauti kati ya ufuta wa bibi na kiboko wa Broussard ni hiyo: mmoja alikuwa amekaa na jambo kwa muda mrefu.

Nachingwea inalifahamu hili kwa uchungu wake yenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huku Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu. Yakaja matrekta, ikajengwa reli kutoka pwani, pori likaangushwa kwa minyororo. Mizizi ya miti ikavunja majembe ya chuma, mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, na mwaka 1951 wakaacha, baada ya kupoteza pauni zaidi ya milioni 35. Reli nayo ikaja kung'olewa. Babu zetu walikuwa wakilima karanga kwenye ardhi ile ile, vipande vidogo, wakivipumzisha na kuvibadilisha mazao, na aliyewauliza namna ya kufanya hivyo sijamsikia. Nguvu ya kufyeka ilikuwepo tele. Aliyekosekana ni mtu wa kuinama mara ya pili.

Jambo jingine nililolipata kwa bibi ni kwamba gugu huitwa. Kiduha hustawi kwenye ardhi iliyochoka, ardhi iliyolimwa mtama juu ya mtama bila samadi. Alipokiona kimezidi hakukilaumu kiduha, alisema, "Nimemchosha mno shamba." Magugu maji ni kinyume chake: huitwa na maji yaliyoshibishwa kupita kiasi. Udongo unaomomonyoka kwenye vilima vya Kagera, mbolea inayooshwa na mvua, maji taka ya miji iliyokua kuliko mitaro yake, vyote vinaishia ziwani, na gugu linakula. Ukilivuta leo ukaacha mfereji wa kinyesi unamwagika pale pale, unalitengea nafasi jingine. Sasa limekwishaingia jingine, salvinia, lenye asili ya Brazil pia, dogo, la majani yenye manyoya yanayobanana hadi maji yanakuwa kama mkeka. Hilo ndilo lililofunika Ziwa Kariba lilipoanza kujaa nyuma ya bwawa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 likachukua kilomita za mraba 1,000 hivi. Na kwenye Ziwa Victoria, mwanzoni mwa mwaka 2025, vivuko vya kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, vilipata taabu kupenya katikati ya magugu. Tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, tunazo mamlaka, tuna wataalamu wanaojua mdudu gani anakula nini. Mdudu wa salvinia naye anajulikana. Ninachokitafuta katika mipango yote ninayoisoma ni ukurasa unaosema nani atakuwepo ufukweni mwaka wa kumi, fedha zikiwa zimekwisha na magugu yakiwa hayaonekani.

Kiegei hakuna ziwa. Tuna malambo, mito inayokauka ikabaki madimbwi, na wanyama wanaoshuka kutoka mapori ya upande wa Selous kutafuta maji hayo machache kiangazi. Kwa hiyo kijana wa kwetu akirudi kutoka mjini na kimea chenye ua la zambarau kwenye kopo, akasema kitapendeza kwenye lambo, naomba awepo mzee wa kumketisha chini na kumwonyesha mzizi.

Nilirudi kijiji kile cha Sengerema mara moja baada ya kuhama, kumsalimia yule jirani yangu. Nilimkuta amezeeka, mgongo umepinda. Alfajiri alinichukua kwenye mtumbwi wake kabla hajaenda kutega. Maji yalikuwa meupe, matupu, hakuna gugu la kuonekana, nami nikamwambia mzee, ziwa limepona. Hakunijibu. Alipiga kasia polepole kuufuata ukingo wa mafunjo, akisimama, akichungulia, akitia mkono kati ya mashina. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Nilihesabu: aliyapata mashina matatu tu, mawili madogo kama kiganja na moja lililokuwa limeanza kuchanua. Kila moja alilinyanyua taratibu ili lisikatike, akalikung'uta maji, akalilaza miguuni pake ndani ya kikapu, kisha akageuza mtumbwi kuelekea kighuba cha pili.